Kipimo cha MS kisichoijua damu yetu

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha ramani kubwa ya vinasaba kuhusu ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ambao mahospitalini hujulikana zaidi kwa herufi zake mbili, MS. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa 47,429 na watu 68,374 wasiougua, wakapata sehemu 233 za vinasaba zinazoongeza uwezekano wa mtu kuupata. Ni kazi kubwa na nimeisoma kwa heshima. Lakini watu wote hao walikuwa wa asili ya Ulaya. Hakuhesabiwa mtu wa Wete, wala wa Makunduchi, wala wa Mombasa, wala wa Kampala.

Kinachonishughulisha zaidi ni mahali zilipo sehemu hizo. Nyingi haziko kwenye vipande vya DNA vinavyobeba maelekezo ya kuunda protini. Ziko kwenye maeneo ya DNA ambayo kwa miaka mingi wataalamu waliyahesabu kuwa takataka, na ambayo leo tunajua kwamba mengi yake hunakiliwa kuwa nakala ziitwazo RNA, zisizounda protini yoyote. RNA hizo ndizo zinazotafutwa kwa hamu ili ziwe kipimo cha damu cha MS, na pengine siku moja dawa. Kipimo cha damu kingetufaa sisi watu wa visiwani kuliko wengi. Ila kikitengenezwa kwa damu ya Oslo na Boston peke yake, kitatufikia kikiwa hakitujui. Naamini Zanzibar ina sababu ya kuingia kwenye utafiti huu sasa, na naamini Pemba ndiko kwa kuanzia.

MS ni ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Seli nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huvuka ukuta unaoulinda ubongo, zikaingia ubongoni na kwenye uti wa mgongo na kuila mayelini, ala ya mafuta inayozizunguka nyuzi za mishipa ya fahamu. Ala hiyo ikiliwa, ujumbe wa ubongo hupita kwa kusuasua au haupiti kabisa. Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina huko Paris mwaka 1868, baada ya kupasua maiti za wagonjwa wake na kuyakuta makovu ubongoni. Leo wanaoishi nao duniani wamezidi milioni 2.8, wanawake ni kiasi cha mara mbili ya wanaume, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 20 na 40, umri wa kusoma, kuolewa, kulea na kutafuta riziki.

Huanza kwa namna ambazo ni rahisi kuzipa sababu nyengine. Jicho moja huingia ukungu na kuuma likigeuzwa, baada ya wiki kadhaa likapona. Mguu hufa ganzi, mwezi unaofuata uko sawa. Namjua mama mmoja wa Ng'ambo, mshonaji wa kofia za viua, ambaye dalili zake zilianzia vidoleni. Macho yaliuona uzi, yakaiona sindano ikiingia kitoboni, lakini kidole cha shahada na cha kati havikuwa na habari. Akijichoma hajui mpaka aone doa la damu kwenye kitambaa cheupe. Akaacha kushona viua vidogo, akashona vikubwa, mwisho akaweka sindano. Kaskazi ikianza kuchoma hali ilizidi, masika ikiingia akapata nafuu. Nyumbani walisema ni mambo ya upepo, akasomewa na kunyweshwa kombe. Hospitalini, kwa nyakati tofauti, aliambiwa ni presha, ni upungufu wa damu, ni mawazo.

Simlaumu aliyemsomea, na hata madaktari nawaelewa, kwa sababu walifundishwa kwamba MS ni ugonjwa wa nchi za baridi. Lakini hiyo kaskazi iliyokuwa ikimzidishia ilikuwa inasema kitu. Daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza tangu 1890 kwamba dalili za wagonjwa hawa huzidi wanapojishughulisha, na baadaye ikafahamika kwamba sababu ni joto la mwili kupanda: mshipa uliopoteza mayelini hupitisha ujumbe vibaya zaidi ukipata joto. Kwa mgonjwa wa Unguja, basi, misimu ya pepo ni sehemu ya historia ya ugonjwa wake. Daktari akiuliza "kaskazi ya mwaka jana ulikuwaje, na kipupwe je?" atapata jibu lenye thamani, na ni swali asiloweza kulitoa kwenye kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa theluji.

Je, ni kweli kwamba sisi hatuugui? Takwimu za kimataifa zinaiweka Afrika chini ya wagonjwa 10 kwa kila watu 100,000, wakati Ulaya ni zaidi ya 100. Sensa ya 2022 iliwahesabu Wazanzibari 1,889,773. Kwa kiwango cha Afrika, visiwa vyote viwili vingekuwa na wagonjwa wasiofika 190. Kwa kiwango cha Ulaya wangefika kama 1,900 au zaidi. Ukweli wetu uko wapi kati ya namba hizo mbili? Jua letu la nyuzi 5 na 6 kusini mwa ikweta huenda likawa linatukinga kweli, maana MS huongezeka kadiri mtu anavyokwenda mbali na ikweta. Lakini ugonjwa unaotambuliwa kwa picha ya MRI na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu huonekana mdogo popote pale ambapo MRI na bingwa ni vya kusafiria. Mtu wa Micheweni anaweza kujikuta anapanda boti kwenda Unguja, halafu boti nyengine hadi Dar es Salaam, kutafuta jibu la mguu uliokufa ganzi na ambao wakati anafika umeshapona.

Tena kuna ushahidi kwamba weusi wa ngozi si kinga. Uingereza, utafiti wa 1990 uliwafuatilia watoto waliozaliwa huko kwa wazazi waliohamia kutoka Karibi, Bara Hindi na Afrika, ukakuta wanaugua kwa kiasi kinachokaribiana na Waingereza wengine. Kusini mwa California, mwaka 2013, wanawake weusi walionekana kupata MS kwa wingi zaidi kuliko wanawake weupe. Sisi tuna jamaa London, Muscat na Toronto. Wajukuu zetu wa huko wanaingia katika hesabu za huko, na bibi zao waliobaki Chake hawamo katika hesabu yoyote.

Sasa nije kwenye RNA yenyewe. Kati ya DNA yote ya binadamu, sehemu inayobeba maelekezo ya kuunda protini haifiki asilimia 2. Mwaka 1972 Susumu Ohno alilitia umaarufu jina la DNA takataka kwa sehemu kubwa ya kilichobaki, na jina likanata. Miaka arubaini baadaye, 2012, mradi wa ENCODE ulionyesha kwamba kiasi cha robo tatu ya DNA hunakiliwa kuwa RNA katika seli za aina moja au nyengine. Sidai kwamba nakala zote hizo zina kazi; wataalamu wenyewe wanabishana hadi leo. Lakini baadhi zina kazi, na kazi yake ni nzito.

Zinazojulikana vizuri zaidi ni maikroRNA, vipande vifupi vya herufi za kemikali kama 22 tu. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliionyesha ya kwanza mwaka 1993 katika mnyoo wa urefu wa milimita moja, na kwa miaka saba ulimwengu ulidhani ni vituko vya mnyoo huyo. Mwaka 2000 Ruvkun akaitoa ya pili, let-7, na ikakutwa kwa wanyama wengi na kwa binadamu pia. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. MaikroRNA hujishika kwenye RNA inayopeleka amri ya kuunda protini, na amri ile hukatwa au hucheleweshwa kabla haijatekelezwa. Jeni yenyewe haiguswi. Ni kama mpishi anayechomoa kuni chunguni: moto hauzimi, lakini wali hauungui. Na kipande kimoja huweza kuchomoa kuni kwenye mamia ya vyungu kwa pamoja, ndiyo maana kikizidi au kikipungua madhara yake huonekana sehemu nyingi.

Katika MS hitilafu hizi zimeonekana wazi. Mwaka 2009 watafiti wa Shanghai walikuta miR-326 imepanda katika damu ya wagonjwa waliokuwa kwenye kipindi cha ugonjwa kuamka. Kipande hicho hukizuia kidhibiti kiitwacho Ets-1, na kidhibiti kikipungua huongezeka aina ya seli nyeupe kali, Th17, zinazochochea mashambulizi. Walipoizima miR-326 katika panya, ugonjwa ulipungua, walipoiongeza, ulizidi. Mwaka huo huo watafiti wa Ujerumani walipima makovu yaliyokuwa bado yakishambuliwa katika mabongo ya wagonjwa waliofariki, wakakuta miR-155, miR-34a na miR-326 zimejaa. Zote tatu huzuia protini ya CD47, ambayo kwa kawaida huziambia seli za kusafisha taka ziiache seli nzima. Amri hiyo ikinyamazishwa, seli za kusafisha hujiona zina ruhusa ya kuila mayelini. Na panya waliozaliwa bila miR-155, kama ilivyooneshwa mwaka 2010, walipochochewa ugonjwa unaofanana na MS waliugua kidogo tu.

Inayonigusa zaidi, hata hivyo, ni miR-219. Hiyo ina habari ya kuponya. Oligodendrosaiti, seli zinazotengeneza mayelini, haziwezi kukomaa bila yake. Tafiti mbili za 2010 zilithibitisha hilo kwa panya. Mwaka 2017 timu nyengine ikawapa panya miR-219 iliyotengenezwa maabara na mayelini iliyoharibika ikarudi kwa kasi zaidi. Na mwaka huo huo ilibainika kwamba katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wengi wa MS miR-219 haionekani kabisa. Dawa zote tulizonazo leo za kuizuia MS isiendelee hutuliza kinga. Hakuna hata moja iliyoidhinishwa kwa kazi ya kuirudisha mayelini. Anayetafuta namna ya kumrudishia mshonaji hisia ya ncha za vidole vyake anatazama huku.

Kuhusu dawa, lakini, nawaomba wasomaji wangu subira. Mwaka 2016 majaribio ya dawa ya MRX34, nakala ya miR-34a iliyokuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, yalisimamishwa baada ya kinga za miili yao kuvurugika vibaya, na wagonjwa wanne walifariki. Kitu kinachochomoa kuni kwenye mamia ya vyungu si cha kuchezea. Kipimo kitatangulia dawa, na ni kipimo ninachokitetea hapa.

Kuna pia RNA ndefu, za herufi zaidi ya 200. Nitaitaja moja tu, XIST, kwa sababu inagusa suala la kwa nini wanawake. Mwanamke ana kromosomu X mbili, na XIST ndiyo inayoifunika moja ili inyamaze. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford walichapisha katika jarida la Cell kwamba XIST, pamoja na protini zinazojikusanya juu yake, huweza kuichochea kinga kujishambulia: panya dume waliowekewa XIST waliugua ugonjwa wa kinga karibu sawa na majike. Ulikuwa ugonjwa wa mfano wa lupasi, haukuwa MS, na mimi sitaunyoosha zaidi ya hapo. Lakini swali ambalo Charcot hakuwa na namna ya kulijibu limepata pa kuanzia, na pa kuanzia penyewe ni RNA isiyounda protini.

Hadi hapa msomaji wa Konde au Kengeja anaweza kusema: mambo haya ya Shanghai na Stanford yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili ambazo sijaona zikizungumzwa huku kwetu.

Ya kwanza ni kirusi. Mwaka 2022 timu ya Harvard ilichapisha uchunguzi wa rekodi za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10, ambao 955 kati yao walipata MS wakiwa kazini. Kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr kuliongeza uwezekano wa MS mara 32. Hakuna kirusi chengine kilichokaribia. Na ugunduzi wa kirusi hicho ni sehemu ya historia ya Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege hadi London, na 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakitambua kirusi ndani yake. Kirusi hiki kimesheheni RNA zisizounda protini. Ndani ya seli zilizoambukizwa kuna RNA zake mbili, EBER1 na EBER2, kwa wingi wa ajabu. Mwaka 2004 kikawa kirusi cha kwanza kukutwa na maikroRNA zake chenyewe, na leo zinajulikana zaidi ya 40. Anazozipima mtafiti katika damu ya mgonjwa wa MS, basi, nyengine si za mgonjwa, ni za mgeni aliyemo ndani yake.

Watoto wetu hukipata kirusi hiki mapema, wengi kabla ya kutimiza miaka mitatu, bila hata mafua ya kukumbukwa. Katika nchi tajiri wengi hukipata wakiwa vijana, na anayekipata ujanani akaugua homa ya tezi ndiye ambaye uwezekano wake wa MS huongezeka. Kama umri wa kuambukizwa ndio unaoleta tofauti, basi mwili wa mtoto wa Pemba unaujua mkataba na kirusi hiki ambao mwili wa kijana wa Boston haukuufunga. Mkataba huo umeandikwa wapi? Sehemu yake inaweza kusomeka kwenye RNA. Hakuna atakayeusoma akipima askari wa Marekani tu.

Ya pili ni minyoo, na hapa Pemba ina historia ya pekee. Maabara ya Afya ya Jamii ya Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa Kiitaliano wa vimelea, ilijengwa kwa sababu ya minyoo na kichocho. Sasa tazama. Mwaka 2007 Jorge Correale na Mauricio Farez wa Buenos Aires waliripoti kwamba wagonjwa 12 wa MS waliokuwa na minyoo tumboni waliamkwa na ugonjwa mara chache mno kuliko wenzao wasio na minyoo. Mwaka 2011 wakaripoti kwamba wanne kati yao walipotibiwa minyoo, MS ilianza kuamka tena. Na mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba mnyoo wa panya hutoa vifuko vidogo vyenye maikroRNA zake, vikaingia kwenye seli za panya na kuituliza kinga yake. Mnyoo huandika kwa herufi zile zile anazotumia mwili wa anayemhifadhi, na huandika ombi la kutopigwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mtu aache kumpa mtoto wake dawa ya minyoo siku zinapogaiwa skuli. Minyoo inadumaza watoto na kumaliza damu ya wajawazito, na kichocho kinaharibu kibofu. Hata jaribio la Uingereza la kuwawekea wagonjwa wa MS minyoo ya safura kwa makusudi, lililochapishwa mwaka 2020 likiwa na watu 71, halikupunguza makovu mapya ubongoni kwa kiwango cha kuridhisha. Ninachosema ni kwamba Pemba imekuwa ikipunguza minyoo kizazi hadi kizazi, na kumbukumbu zipo. Bibi, mama na mjukuu wa nyumba moja wamekulia katika viwango vitatu tofauti vya minyoo. Kwa mtu anayetaka kujua RNA za minyoo zinaifanya nini kinga ya binadamu, nyumba hiyo ni darasa, na miaka inavyokwenda bibi anatutoka.

Watu wataniuliza, kwani uwezo tunao? Damu ya Pemba imeshapimwa RNA. Kupitia AMANHI, mradi wa afya ya wajawazito na watoto wachanga, Pemba pamoja na Sylhet ya Bangladesh na Karachi ya Pakistan zilijenga hifadhi ya sampuli za wajawazito. Desemba 2020 jarida la JAMA Network Open lilichapisha utafiti wa wanawake 81 wa nchi nne, Pemba ikiwemo, uliosoma RNA inayoelea katika plazima, yaani maji ya damu yaliyotengwa na seli zake, kutafuta dalili za kujifungua kabla ya wakati. Kwa hivyo mafriza yapo, mikono iliyofunzwa ipo, na akina mama waliokubali kutolewa damu kwa ajili ya utafiti wapo.

Na maikroRNA zina sifa inayotufaa. RNA nyingi huharibika upesi. Vimeng'enya vilivyo kwenye ngozi ya kidole vinatosha kuimaliza sampuli. Lakini maikroRNA zilizomo katika plazima hujificha ndani ya vifuko vidogo au hushikana na protini, na tangu 2008 inajulikana kwamba huvumilia muda na hali ambazo RNA nyengine hazivumilii. Kinachoziharibia ushahidi ni kitu chengine, cha kawaida kabisa: seli nyekundu kupasuka. Seli nyekundu zimejaa miR-451 na miR-16, na zikipasuka hizo humwagika na kuifunika habari iliyotafutwa. Plazima nzuri ni ya manjano. Ikiwa na wekundu, hata mdogo kama wa maji ya ubuyu yaliyozimuliwa, ni ya kutiliwa shaka. Mrija wa damu uliotolewa Kangani ukakaa juani, ukatikiswa njia nzima kwenye gari, utafika Wawi ukiwa mwekundu, na mtafiti asiyekuwa makini atatangaza kugundua ugonjwa wakati alichogundua ni barabara. Kwetu, ambako selimundu na malaria navyo hupasua seli nyekundu, tahadhari hii ni ya lazima zaidi kuliko kwingine.

Hili linaeleza pia kwa nini, pamoja na mamia ya makala zilizochapishwa, hakuna bado kipimo cha RNA kilichokubaliwa cha kumtambua mgonjwa wa MS. Maabara moja hupima damu nzima, nyengine seli nyeupe, nyengine plazima, na majibu hayafanani. miR-155 hupanda katika MS, lakini hupanda pia katika baridi yabisi na maambukizi kadhaa. Kipimo cha protini ya neurofilamenti, inayovuja mishipa ya fahamu inapoumia, kiko mbele yake kwa mbali katika kufuatilia wagonjwa, na hospitali zetu zikipata fursa ya kukileta kesho, wakilete kesho. Lakini neurofilamenti husema tu kwamba mshipa unaumia. Haisemi ugonjwa gani unaoumiza.

Na kwetu kutofautisha ni suala la uhai. Upo ugonjwa unaofanana mno na MS, unaoshambulia macho na uti wa mgongo, uitwao NMO. Mwaka 2004 watafiti wa kliniki ya Mayo waligundua kingamwili inayoutambulisha, na tafiti, zikiwemo za kisiwa cha Martinique, zimeonyesha kwamba huwapata weusi kwa wingi zaidi kuliko weupe. Baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta na fingolimodi, huweza kumzidishia mgonjwa wa NMO badala ya kumsaidia. Wapo watafiti wanaotafuta kundi la maikroRNA litakaloyatenganisha magonjwa haya mawili kwa mrija mmoja wa damu. Kikipatikana kipimo hicho na mipaka yake ikawekwa kwa kufuata damu ya Wazungu wasio na minyoo, waliokutana na Epstein-Barr ukubwani, wasio na selimundu, kikaletwa Mnazi Mmoja kwenye boksi safi, kitatoa majibu. Ni majibu hayo yanayonitisha.

Wenye kusimamia bajeti watasema tuna magonjwa makubwa zaidi, na katika hesabu ya vifo wako sahihi. Siombi jengo wala mashine mpya. Naomba daftari. Mpango wa Jamii ni Afya tayari una wajitolea wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na simu zenye maswali ya afya. Maswali matatu yakiongezwa, la jicho lililofifia na kupona, la ganzi iliyokuja na kuondoka, na la udhaifu unaozidi wakati wa kaskazi, yangeibua watu wa kuonwa na daktari. Wale ambao daktari atawathibitisha au kuwashuku waandikwe kwenye daftari moja la visiwa vyote, Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar ilisimamie, Chuo Kikuu cha Taifa kiweke wanafunzi wake humo, na kwa ridhaa yao damu yao ihifadhiwe Wawi sambamba na ya ndugu zao wasiougua.

Daftari hilo liwe na umri wa dalili ya kwanza, wilaya aliyokulia mtu, jicho gani lilianza, mwezi gani hali huzidi, na lini mara ya mwisho alimeza dawa ya minyoo. Ridhaa isomwe kwa Kiswahili cha nyumbani, mbele ya mtu wa familia atakayechaguliwa na mgonjwa mwenyewe. Na mkataba wowote wa kupeleka sampuli nje useme kwa maandishi kwamba nusu ya kila mrija inabaki Pemba, kwamba jina la mtaalamu wetu linakuwa kwenye makala, na kwamba mgonjwa aliyetoa damu yake ataelezwa kilichopatikana, hata kama kilichopatikana ni kidogo.